Nyumba ya Kupangisha: Ipime kwa Miezi ya Kodi Kabla Hujainunua

Dalali akikuonyesha nyumba atakutajia bei, na bei peke yake haikuambii kitu. Nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha niliinunua kwa sababu bei ilikuwa "nzuri". Miaka miwili baadaye nikakaa chini na karatasi, nikagundua kwamba kila mwaka nilikuwa naichomekea pesa za mshahara bila kujijua: leo fundi bomba, kesho ushuru, keshokutwa mwezi mtupu kati ya mpangaji na mpangaji.

Tangu hapo napima kila kitu kwa kipimo kimoja, yaani mwezi wa kodi. Nyumba inauzwa miezi mingapi? Kupaka rangi ni mwezi mzima au nusu? Mkopo unakula miezi mingapi kwa mwaka? Kipimo hiki hakijali sarafu wala ukubwa wa nyumba. Kodi ninayoizungumzia ni ile anayolipa mpangaji. Ya serikali nitaiita ushuru tusije tukachanganya.

Ninamwandikia mtu mwenye nyumba moja, mbili, labda tano, anayezihangaikia mwenyewe baada ya saa za kazi. Mwenye ghorofa kumi ana wahasibu wake.

Hatua ya 1: Geuza bei iwe miezi

Tafuta kodi halisi ya nyumba ya aina hiyo, mtaa huohuo. Usimuulize muuzaji, na jibu la dalali lichukue kwa tahadhari, kwa kuwa wote wawili wanakula pale unaponunua. Waulize wapangaji wanaoishi jirani wanalipa kiasi gani. Angalia pia matangazo ya nyumba tupu, ila uyasome kwa akili: tangazo ambalo limekaa miezi mitatu linakuonyesha kodi ambayo nyumba ile imeikosa.

Ukishaipata kodi, gawa bei kwa kodi ya mwezi mmoja. Ukipata 120, maana yake nyumba inauzwa kwa miezi 120 ya kodi, na mapato ghafi ni asilimia 10 ya bei kwa mwaka. Ukipata 150, ni asilimia 8. Ikifika 200, ni asilimia 6, na 240 ni asilimia 5. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana kwa miezi 60 hivi na kwa macho zikafanana kabisa. Moja ina jiko jipya lenye vigae vya kung'aa, nyingine haina, na mpangaji hayuko tayari kuongeza chochote kwa ajili ya vigae.

Hatua ya 2: Toa matumizi kabla hayajakutoa wewe

Mwaka una miezi 12 ya kodi. Hutaipata yote. Mimi huigawa hivi ninapofanya hesabu ya kwanza:

- mwezi 1 nyumba itakuwa tupu au kodi haitalipwa;
- mwezi 1 matengenezo madogomadogo;
- mwezi 1 ushuru na bima;
- nusu mwezi wakala, au nauli, simu na muda wako kama huna wakala;
- nusu mwezi akiba ya matengenezo makubwa.

Inabaki miezi 8. Sasa chukua nyumba yetu ya miezi 120, uongeze gharama za kununua: wakili, ushuru wa kuhamisha umiliki, ukaguzi, marekebisho ya kuanzia. Tuseme miezi 10. Umetoa miezi 130 ili upate 8 kwa mwaka, ambayo ni kama asilimia 6.2. Ile asilimia 10 aliyokuimbia dalali imeyeyuka hapo, na hakuna aliyekudanganya. Alikupa namba ghafi tu.

Mgawo huu si amri. Nyumba mpya haili mwezi mzima wa matengenezo, na nyumba ya zamani yenye mabomba ya chuma itakula miwili. Kitu ambacho sikubali kukifuta ni ule mwezi mtupu. Kila mnunuzi mpya huniambia, "Eneo lile nyumba haikai tupu." Huenda ikawa kweli, lakini mpangaji akihama tarehe 30, unahitaji siku za kukagua, kupaka rangi, kuonyesha watu na kuandikishana mkataba. Wiki mbili zimekwenda hata kama watu wamepanga foleni mlangoni.

Akiba ya matengenezo makubwa ina hesabu yake. Chukua kila kitu kikubwa, kadiria gharama ya kukibadilisha, ugawe kwa umri wake. Paa litakalogharimu miezi 10 ya kodi na kudumu miaka 25 linakudai sehemu 0.4 ya mwezi kila mwaka, tangu mwaka wa kwanza, hata kama bado linang'aa. Tangi la kuchemshia maji linalogharimu mwezi mmoja na kudumu miaka 10 linadai sehemu 0.1. Hapo nusu mwezi imeshakwisha na pampu hatujaitaja.

Hatua ya 3: Mkopo uwekwe kwenye mzani uleule

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Tuseme unakopa miezi 80 ya kodi kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ulipe kwa miaka 10. Marejesho ya kila mwezi yatakuwa kama mwezi 1.15 wa kodi, yaani miezi 13.8 kwa mwaka. Nyumba inakupa 8. Pengo la karibu miezi 6 linatoka mfukoni mwako kila mwaka kwa miaka kumi. Ukirefusha mkopo hadi miaka 20, marejesho yanashuka hadi miezi 10.6 kwa mwaka, na bado hayatoshi.

Basi igeuze hesabu. Badala ya kuuliza benki itanikopesha kiasi gani, uliza miezi 8 inaweza kubeba mkopo wa ukubwa gani. Kwa riba hiyohiyo ya asilimia 12 na miaka 20, inabeba mkopo wa kama miezi 60, nusu ya bei ya nyumba. Zaidi ya hapo unajua kabisa kwamba mshahara wako ndio unaolipa. Kuna watu wanaokubali hivyo kwa kuwa wanasubiri thamani ya nyumba ipande. Ni uamuzi halali, lakini uufanye ukijua.

Kisha jaribu hali mbaya kabla haijaja. Kama riba ya mkopo wako inaweza kubadilika, ipandishe kwenye karatasi kutoka 12 hadi 15. Ule mkopo wa miezi 60 uliokuwa unadai 7.9 kwa mwaka sasa unadai 9.5. Je, ule mwezi mmoja na nusu utautoa wapi? Kama jibu ni "nitaangalia", punguza mkopo. Na usimalize akiba yako yote kwenye kununua. Baki na marejesho ya miezi sita benki. Nyumba haiuzwi kwa siku moja ukikwama.

Hatua ya 4: Ikague nyumba kwa mikono na pua

Kwa nyumba kubwa au ya zamani mlipe mhandisi. Lakini nenda mwenyewe kwanza, mara mbili: mara moja mchana, mara moja wakati wa mvua au mara tu baada yake. Muuzaji anayekukataza kuja siku ya mvua ameshakujibu.

Anza na dari. Niliwahi kuonyeshwa nyumba ambayo vyumba vyote vilikuwa na rangi iliyochakaa, isipokuwa dari ya chumba kimoja, nyeupe kama karatasi. Nilipanda kwenye stuli nikaibonyeza kwa kidole gumba. Ikabonyea. Juu yake maji yalikuwa yamekaa miezi, na rangi mpya ilikuwa ndiyo matengenezo pekee yaliyofanyika. Rangi mpya mahali pamoja tu, katika nyumba ambayo kwingine haijapakwa miaka, ni pa kusimama na kuuliza.

Kuta za chini: unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki mita moja hivi, na huacha mstari pamoja na unga mweupe wa chumvi. Unyevu ulio juu zaidi, au doa moja la duara, mara nyingi unatoka kwenye bomba, dirisha au paa. Tofauti hii ina uzito mkubwa, kwa kuwa bomba hurekebishwa kwa siku moja, na unyevu wa ardhini ni kazi ya kuchimba na kukata ukuta.

Nyufa: ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikukoseshe usingizi. Ogopa ule unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, mpana upande mmoja kuliko mwingine, ambao kidole chako kidogo kinaanza kuingia. Huo unaonyesha kwamba sehemu ya msingi inashuka na nyingine imebaki. Usiunyamazishe kwa plasta. Chora mstari wa penseli kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe, rudi baada ya wiki kadhaa. Ukiwa umeivuka mistari, ufa unaendelea kutembea.

Zege: angalia chini ya baraza na ngazi. Nondo ikipata kutu hutanuka mara mbili au zaidi na kulibandua zege kutoka ndani. Ukiona vipande vimedondoka na chuma chekundu kinachungulia, andika gharama kubwa.

Maji: hiki ndicho kipimo nikipendacho, hakigharimu kitu. Funga mabomba yote ndani ya nyumba, usivute choo, usome mita ya maji na kupiga picha. Subiri saa moja. Namba zikisogea, kuna bomba linalovuja mahali usipopaona. Kwa choo, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, maji yanapita mchana na usiku kimyakimya. Kisha fungua mabomba mawili kwa pamoja na uvute choo, uone presha inavyoshuka. Acha sinki lijae, ulifungulie, usikilize: maji yanayogugumia na kurudi nyuma yanamaanisha njia ya maji taka imeziba au haina mteremko wa kutosha.

Umeme: fungua boksi la swichi. Tafuta kile kifaa chenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T, kinachokata umeme unapovuja. Vinavyolinda maisha ya watu kwa kawaida hukata kwenye miliampea 30. Kibonyeze. Kisipokata, kimekufa. Kikiwa kimekufa, au kama hakipo kabisa, bajeti ya fundi umeme ianzie hapo. Soketi yenye weusi pembeni au inayopata joto ni hatari ya moto. Na kama maji ya kuoga yanachemshwa kwa gesi, mtambo usiwe ndani ya bafu lililofungwa bila bomba la kutolea moshi nje. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo, haina harufu, na imeua watu wengi wakiwa wanaoga.

Mwisho zungumza na jirani. Muulize mambo mawili tu: maji hukatika siku ngapi, na nani aliwahi kuishi humu. Atakueleza na mengine bila kuulizwa.

Hatua ya 5: Karatasi

Hapa sitakaa sana kwa sababu kila nchi ina ofisi zake, lakini mpangilio haubadiliki. Thibitisha kwenye daftari rasmi la ardhi, si kwenye nakala aliyokuletea muuzaji, kwamba jina lake ndilo lililomo. Angalia kama kuna rehani au zuio. Hakikisha mwenzi wa ndoa au warithi wenye haki wametia saini. Ulizia deni la ushuru, maji na umeme. Soma mkataba wa mpangaji aliyepo, maana unamnunua pamoja na nyumba, na amana yake, yaani pesa ya dhamana aliyoiweka alipohamia, lazima muuzaji akukabidhi. Usipoidai siku ya mauzo, utakuja kuilipa wewe. Wakili awe wako, si wa kugawana na muuzaji.

Hatua ya 6: Panga kodi, kisha chagua mpangaji

Kodi ya juu kabisa sokoni si lazima iwe ndiyo yenye faida. Fikiria umekaa na nyumba tupu mwezi mmoja zaidi ukimsubiri atakayelipa asilimia 10 juu. Mwezi ule uliopotea utahitaji miezi 10 ya nyongeza ile kuurudisha. Akihama baada ya mwaka, umefaidi miezi miwili ya nyongeza, yaani sehemu 0.2 ya mwezi. Mimi hupanga kodi chini kidogo ya ile ya jirani ili watu watano waje na niwe na nafasi ya kuchagua. Anapokuja mmoja tu, yeye ndiye anayekuchagua wewe.

Kila anayekuja mpe fomu ileile na maswali yaleyale. Kubagua watu kwa kabila, dini au hali ya familia ni kosa la kisheria katika nchi nyingi, na hata pasipo sheria ni biashara mbovu, kwa sababu kipindi kile kodi haikulipwa hakuna aliyeulizwa anaabudu wapi. Mambo yanayopima ni haya.

Kipato: kodi isizidi theluthi ya anachoingiza. Anayejiajiri asikose nafasi kwa kukosa karatasi ya mshahara. Omba taarifa za benki au za pesa za simu za miezi sita, uone kipato cha mwezi wake mbaya, si wa wastani.

Historia: mpigie mwenye nyumba wa zamani, si wa sasa. Huyu wa sasa akiwa amechoshwa naye atamsifu apate kumwondoa. Yule wa kabla yake hana cha kupata. Swali langu ni moja: "Akirudi kesho, utampangisha tena?" Halafu nanyamaza. Kimya cha sekunde tatu kabla ya "ndiyo" nacho ni jibu.

Haraka: mtu anayetaka kuhamia usiku huohuo na kulipa miezi mitatu taslimu bila kuona vyumba, mwombe asubiri ukague taarifa zake kama wengine. Mkweli atasubiri.

Hatua ya 7: Mkataba, na saa moja ya kukabidhiana funguo

Mkataba uandikwe hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi yako. Hasa akiwa mtoto wa shangazi yako. Uwe na majina kamili na vitambulisho, kodi, tarehe ya kulipa na namna ya kulipa, amana na masharti ya kuirudisha, nani analipa maji, umeme na taka, idadi ya watakaoishi, nani anarekebisha nini, notisi ya kuhama kwa pande zote mbili, na jinsi kodi itakavyoweza kupandishwa. Katika nchi nyingi sheria inaweka ukomo wa amana, muda wa notisi au mahali pa kutunza pesa hizo. Kipengele kinachopingana na sheria hakitakusaidia hata kama mpangaji ametia saini. Isome sheria yenu ya upangaji mwenyewe, ni kazi ya jioni moja.

Amana usiitumie. Iweke kwenye akaunti yake. Bado ni pesa ya mpangaji, iko kwako tu.

Siku ya funguo tembeeni wote wawili chumba kwa chumba. Wengi huandika "sinki zuri, mlango mzuri", maneno ambayo hayatamsaidia mtu yeyote mwaka ujao. Andika hivi: "Sinki la jikoni: mkwaruzo wa urefu wa kidole upande wa kushoto. Mlango wa chumba cha pili: kitasa kimelegea, kinafunga. Kioo cha dirisha la sebuleni: kina ufa kona ya chini kulia." Piga picha za mita zote zikionyesha namba. Hesabu funguo. Kisha mpeleke mpangaji kwenye koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme, umwache azifunge na kuzifungua kwa mkono wake mwenyewe. Dakika mbili hizo zinaweza kuokoa sakafu yako siku bomba litakapopasuka saa nane za usiku. Tieni saini nakala mbili.

Hatua ya 8: Simu ya mpangaji kuhusu kitu kilichoharibika

Mpangaji mmoja alinipigia kuniambia kuna tone chini ya sinki la jikoni. Nikamwambia aweke ndoo, nitakuja wikiendi. Wikiendi ikapita, na nyingine. Nilipofika wiki ya tatu, nati ya plastiki ya bomba la kutolea maji ilikuwa imelegea tu. Niliikaza kwa mkono, bila spana. Lakini mbao za kabati zilikuwa zimevimba na kuachana tabaka kwa tabaka kama daftari lililolowa, mlango haufungi, na nyuma yake ukuta umeota ukungu mweusi hadi usawa wa goti. Kabati jipya, fundi na rangi vilinila mwezi mmoja na robo wa kodi. Mpangaji alikuwa ametimiza wajibu wake siku ya kwanza. Uzembe ulikuwa wangu.

Sasa nina madaraja matatu, nayo yameandikwa kwenye mkataba. Ndani ya saa 24: maji yanayomwagika, maji taka yanayorudi ndani, cheche au harufu ya kuungua, harufu ya gesi, kufuli ya mlango wa nje. Ndani ya wiki: kitu chochote kinachodondosha maji, choo kinachovuja, soketi isiyofanya kazi. Ndani ya mwezi: mlango unaokwaruza, kigae kilichopasuka, rangi. Tone liko daraja la pili, halitanidanganya tena.

Kuhusu mafundi: mtafute fundi bomba na fundi umeme kabla hujawahitaji, kwa kazi ndogo ya majaribio. Vifaa vikubwa nunua mwenyewe. Lipa kwa awamu, na kwa kazi ya paa bakiza asilimia 10 hadi mvua ya kwanza kubwa inyeshe. Fundi mzuri hatakasirika, anajua kazi yake.

Mara mbili kwa mwaka fanya ukaguzi, kwa taarifa iliyotangulia na kwa saa itakayomfaa mpangaji. Safisha mifereji ya paa, bonyeza kile kitufe cha T, angalia chini ya masinki. Usifungue kabati la nguo la mtu. Pale ni kwake.

Hatua ya 9: Kodi inapochelewa

Kuwa na ratiba isiyotegemea hasira zako. Siku ya pili, ujumbe mfupi wa kukumbusha. Siku ya tano, simu: "Kuna tatizo gani, na lini utaweza?" Siku ya kumi, barua yenye tarehe na kiasi. Akiwa na shida ya kweli, andikianeni namna ya kulipa kidogo kidogo, kiasi na tarehe, mtie saini. Ahadi ikivunjwa mara ya pili, anza taratibu za kisheria za notisi bila kungoja.

Niliwahi kungoja miezi minne kwa sababu mpangaji alikuwa mtu mwema na mcheshi, na kila Jumamosi alikuwa na hadithi mpya. Alipohama akiwa na deni, nilikuwa nimepoteza theluthi ya mwaka. Wema wake ulikuwa wa kweli. Deni nalo lilikuwa la kweli.

Kamwe usibadilishe kufuli, usikate maji au umeme, usitoe vitu nje. Katika nchi nyingi ni mahakama au baraza la upangaji pekee linaloweza kuamuru mtu atolewe, na mwenye nyumba anayejichukulia hatua hugeuka kutoka mdai kuwa mshtakiwa.

Hatua ya 10: Daftari, amana na kodi mpya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga hawakuwa na nyumba za mkopo lakini walilijua hili. Fungua akaunti ya nyumba peke yake. Kila kodi iingie humo, kila fundi alipwe kutoka humo, kila risiti ipigwe picha siku hiyohiyo. Mwisho wa mwaka jumlisha, kisha ugawe kwa kodi ya mwezi: nyumba ilikula miezi mingapi? Linganisha na ule mgawo wa hatua ya 2. Yangu, mwaka mmoja, ilionyesha miezi 2.3 kwenye maji pekee. Hapo ndipo nilipobadilisha mabomba yote ya zamani kwa mkupuo badala ya kuendelea kuyaziba viraka.

Mpangaji akihama, kagua naye ukiwa na ile orodha ya siku ya kwanza. Uchakavu wa kawaida ni wako. Uharibifu ni wake, lakini kwa sehemu iliyobaki tu: kama rangi hudumu miaka minne na ameishi mitatu, ukuta aliouchafua kupita kiasi umdai robo ya gharama, si rangi nzima. Mwandikie mchanganuo, ambatisha risiti, rudisha salio haraka. Anayerudishiwa amana yake bila kuzungushwa huniletea mpangaji mwingine, mara nyingi kabla rangi haijakauka.

Kwa mpangaji aliyepo, kupandisha kodi kunahitaji mzani uleule. Nyongeza ya asilimia 5 ni sehemu 0.6 ya mwezi kwa mwaka. Akihama kwa sababu yake, nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja na rangi ikala nusu mwezi, umetoa 1.5, na itakuchukua miaka miwili na nusu kuirudisha. Kwa hiyo napandisha kidogo, mara moja kwa mwaka, kwa barua ya miezi miwili kabla, na kwa mpangaji anayelipa kwa wakati na kunipigia simu tone linapoanza, nabaki chini ya soko kwa makusudi.

Nyumba ya pili je? Mimi sikuitafuta hadi akaunti ya nyumba ya kwanza ilipokuwa na marejesho ya miezi sita pamoja na gharama ya paa zima, zote kwa pesa iliyotoka kwenye nyumba yenyewe. Ilinichukua miaka mitano. Dalali yuleyule alikuwa ananipigia kila baada ya miezi michache akiwa na bei "nzuri", nami nilikuwa namjibu kwa swali moja: hiyo ni miezi mingapi ya kodi?